Vituko vya Mwinyi: Uhakiki wa Mhusika Hector MacDonald katika "Monarch of the Glen"

Utangulizi

Katika fasihi ya televisheni ya Uingereza yuko mhusika mmoja anayerudi mara kwa mara chini ya majina mbalimbali: mzee wa nasaba ya kale, mwenye nyumba kubwa inayovuja, anayetenda mambo ya ajabu na kusamehewa na kila mtu. Hector MacDonald, mwinyi wa bonde la Glenbogle katika tamthilia iitwayo Monarch of the Glen, ni mfano bora wa mhusika wa aina hiyo. Makusudi ya makala haya ni kuchunguza namna mhusika huyo alivyoundwa, kazi anayoifanya katika tamthilia, na uhusiano wake na historia ya ardhi ya Uskoti ambako kisa chenyewe kimewekwa.

Monarch of the Glen ilionyeshwa na BBC jioni za Jumapili tangu Februari 2000 hadi Oktoba 2005. Ilikuwa na mifululizo saba yenye jumla ya vipindi 64. Mwasisi wake, Michael Chaplin, aliazima jina na sehemu ya mandhari kutoka katika riwaya za Compton Mackenzie zinazohusu Nyanda za Juu za Uskoti, hasa ile iliyotolewa mwaka 1941. Bonde la Glenbogle ni la kubuni, lakini kasri linaloonekana katika picha ni nyumba ya kweli iitwayo Ardverikie, iliyo kando ya ziwa Laggan katika wilaya ya Badenoch.

Yafaa kwanza neno moja lielezwe. Waskoti humwita mtu kama Hector kwa jina la laird. Neno hili lina shina moja na lile la Kiingereza limaanishalo bwana mkubwa, lakini si cheo cha kutunukiwa na mfalme. Ni sifa ya mtu kwa sababu ya ardhi aliyo nayo. Kiswahili kina neno linalolikaribia sana, nalo ni mwinyi. Mwinyi katika miji ya pwani alikuwa mwenye mji na mwenye mahali, na umwinyi ukawa jina la mfumo pamoja na tabia: kujiona, kutofanya kazi ya mikono, na kuamini kwamba heshima ni haki ya kuzaliwa nayo. Maana zote mbili, ya mfumo na ya tabia, zinahitajika katika kumweleza Hector. Kwa hiyo neno hilo ndilo litakalotumika humu.

Hoja kuu ni kwamba vituko vya Hector vina kazi ya kutenda katika muundo wa tamthilia. Vituko hivyo huyafanya madaraka yaonekane kuwa udhaifu, huligeuza suala la ardhi likawa ugomvi wa baba na mwana, na huwafanya watumishi waonekane jamaa. Kazi hiyo imetendwa kwa ustadi, na ndiyo sababu inastahili kuhakikiwa badala ya kufurahiwa tu.

Kisa na Mhusika

Kisa kinaanza na hila. Archie MacDonald, kijana anayeendesha mkahawa huko London, anaitwa nyumbani kwa kuambiwa kwamba kuna msiba unaokaribia. Afikapo anagundua kwamba wazazi wake, Hector na Molly, wamemvuta kwa ujanja ili ashike uongozi wa shamba la ukoo, ambalo lina madeni mengi. Tangu hapo maisha yake yanavutwa huku na huku, kati ya mji aliouchagua na bonde alilozaliwa. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Lakini ngama ya jahazi hili inavuja, na nahodha wa zamani hataki kuuachia usukani.

Hapa ndipo tabia ya Hector inapojitokeza. Amemkabidhi mwanawe jina la mwinyi pamoja na madeni, lakini mazoea ya kutawala hakuyakabidhi. Kila mpango wa Archie wa kuliokoa shamba hukutana na mpango mwingine wa siri wa baba yake. Mzee huyu hupenda bunduki, samaki, pombe kali ya nchi yake na ugomvi wa muda mrefu na jirani yake Kilwillie, mwinyi mwenziwe. Huitazama akaunti ya benki kama mtu atazamaye mvua: ni jambo linalotoka juu, wala halihusiani na matendo yake.

Mhusika huyu aliigizwa na Richard Briers, mwigizaji Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1934 na kufariki mwaka 2013. Watazamaji wengi walimjua tangu miaka ya 1975 hadi 1978 katika The Good Life, ambamo alikuwa Tom Good, mchoraji wa michoro ya kiufundi aliyeacha kazi ili alime mbogamboga na kufuga nguruwe nyuma ya nyumba yake katika kitongoji cha London. Lakini yapo maigizo yake mengine yanayofaa kukumbukwa hapa zaidi ya hayo. Mwaka 1990 Briers alikuwa Mfalme Lear jukwaani, katika kundi la Kenneth Branagh. Lear ni mfalme anayegawa ardhi yake akiwa hai kisha akataka aendelee kuheshimiwa kama mfalme. Anayakosa yote mawili, na akili inamruka. Hector ni Lear aliyewekwa katika futuhi. Naye ametoa ardhi, naye anadai utii, naye hutenda kama aliyerukwa na akili. Tofauti ni kwamba katika Glenbogle hapana dhoruba inayomkuta nje bila paa. Kila jioni hurudi mezani, na chakula kimekwisha andaliwa.

Ingekuwa dhuluma kusema kwamba Hector ni mhusika bapa. Nyuma ya kelele zake kuna msiba wa kweli. Jamie, kaka yake Archie, ambaye ndiye aliyetazamiwa kurithi, alikufa maji katika ziwa la nyumbani. Kifo hicho ndicho kivuli kilicholala kati ya baba na mwana: Archie anashika nafasi isiyokuwa yake, na Hector anamwona kila siku mtoto aliyebaki pale ambapo angemwona aliyekwenda. Briers anaigiza jambo hili kwa kimya kifupi, kwa kugeuza uso, kwa mzaha unaokatika katikati. Katika nyakati kama hizo mtazamaji anaelewa kwamba vituko ni ngozi ya juu, na kwamba mzee huyu hucheka ili asiulizwe. Huo ni uigizaji wa hali ya juu, na thamani yake haipunguzwi na hoja zitakazofuata.

Kazi Tatu za Vituko

Kazi ya kwanza ni kuyafanya madaraka yaonekane udhaifu. Glenbogle ni shamba la maelfu ya ekari: milima, msitu, mto wa samaki na nyumba za wapangaji. Kwa kipimo chochote, mwenye mali hiyo ni mtu mkubwa. Lakini tamthilia humwonyesha mtazamaji paa linalovuja, fedha zisizotosha na barua za wadai. Mtazamaji aliyekaa katika nyumba ya kupanga mjini anaombwa amhurumie mtu mwenye kasri, naye anakubali, kwa sababu mtu huyo ni mcheshi na hajui kuhesabu. Umaskini wa Hector ni wa pekee: ni ukosefu wa fedha taslimu kwa mtu asiyekosa ardhi. Mkulima mdogo akikosa fedha hupoteza shamba. Mwinyi akikosa fedha hupata kipindi kingine cha tamthilia.

Kazi ya pili ni kuligeuza suala la ardhi likawa suala la nyumbani. Swali linaloulizwa katika vipindi vya mwanzo ni hili: je, Archie atabaki au atarudi London? Nyuma yake kuna swali jingine ambalo halipati nafasi ya kuulizwa kwa uzito: kwa nini maisha ya kijiji kizima yategemee kubaki au kuondoka kwa kijana mmoja? Yupo mhusika ambaye angeweza kuliuliza, naye ni Katrina, mwalimu wa shule ya kijiji. Lakini mtunzi amemfanya pia kuwa mmoja wa wanawake wanaovutana na moyo wa Archie. Na mara upinzani unapokuwa uchumba, hoja ya mwanamke haisikilizwi tena kama hoja. Husikilizwa kama dalili ya mapenzi. Katrina anaondoka katika kisa, na swali lake linaondoka naye.

Kazi ya tatu ni kuwafanya watumishi jamaa. Golly, mtunza mawindo, ni mshirika wa Hector katika kila hila; Duncan, msaidizi wake, ni kama mtoto wa nyumbani; Lexie, mpishi, humjibu mwinyi kwa ulimi mkali kuliko mke wake. Uhuru huu wa maneno hupendeza, na hapana shaka unachukua jambo fulani la kweli katika maisha ya mashamba hayo. Hata hivyo yafaa iangaliwe ni uhuru wa namna gani. Golly anaweza kumkaripia Hector, lakini nyumba anayolala ni ya shamba. Lexie hatimaye anaolewa na Archie na kuwa mke wa mwinyi; mpishi amepanda ngazi, na ngazi imebaki palepale. Uhuru wa kusema umetolewa badala ya haki ya kumiliki, na kicheko ndicho kinachofanya mabadilishano hayo yasionekane.

Ushahidi wa kwamba vituko ni nguzo ya muundo unapatikana baada ya kifo cha Hector. Katika mfululizo wa tatu mzee huyu anakufa kwa mlipuko, kifo kinacholingana na maisha yake. Ingetazamiwa kwamba tamthilia ingeendelea kwa utaratibu mwingine. Lakini pengo lake halikuweza kuachwa wazi. Baadaye anatokea Donald, ndugu yake Hector, aliyeigizwa na Tom Baker, naye ni mzee wa vioja vilevile. Archie anapoondoka, anayeshika nafasi ni Paul Bowman, mtoto wa Hector aliyezaliwa nje ya ndoa. Hata Briers mwenyewe alirudishwa kwa muda mfupi katika mfululizo wa mwisho. Kwa maneno mengine, nyumba ile inahitaji vitu viwili ili isimame: damu ya kurithi na mzee wa kuchekesha. Damu huhalalisha umiliki, na mzee huufanya upendeke.

Kutoka Riwaya hadi Televisheni

Ni muhimu tamthilia hii ilinganishwe na chanzo chake. Compton Mackenzie alizaliwa West Hartlepool, Uingereza, mwaka 1883, akajifanya Mskoti kwa hiari yake, na mwaka 1928 akawa mmoja wa waasisi wa chama kilichodai utawala wa Waskoti wenyewe. Riwaya yake ya 1941 ni ya kejeli. Mwinyi wake, Donald MacDonald wa Ben Nevis, ni mtu wa sauti kubwa na akili finyu, ambaye anawakamata vijana waliokuja kutembea milimani na kuwafungia katika shimo la ngome yake. Vijana hao wanatoka mjini na wanaamini kwamba milima ni ya wote. Kisa chote kinazunguka vita kati ya kundi lao na wenyinyumba wakubwa wa Nyanda za Juu.

Mackenzie alimpenda mwinyi wake, na mwandishi ampendaye mhusika hawezi kumchoma sana. Lakini kiini cha mzaha wake kilikuwa mgongano wa hadharani: nani ana haki ya kukanyaga mlima? Waandishi wa televisheni walichukua jina, wakachukua kasri, wakamchukua hata Kilwillie. Mgongano huo wakauacha nje kama msingi wa kisa, wakaweka urithi na mapenzi mahali pake. Hivyo mwinyi wa riwaya ni mtu mwenye vituko kwa sababu ana uwezo wa kuwatendea wengine mabaya bila kuulizwa. Mwinyi wa televisheni ana vituko kwa sababu ni mzee na ana huzuni. Vituko vya kwanza vinatokana na cheo. Vya pili vinatokana na moyo. Mabadiliko hayo ni madogo machoni lakini ni makubwa katika maana, kwani cheo huweza kuhojiwa, ilhali moyo huombewa dua tu.

Jina lenyewe lina historia ya kufaa. "Mfalme wa Bonde" ni kulungu dume katika mchoro maarufu wa Edwin Landseer wa mwaka 1851, ulionuiwa kupambwa katika vyumba vya Baraza la Malodi huko London. Landseer alikuwa akifika Ardverikie, na aliacha michoro ya wanyama katika kuta za nyumba ya zamani iliyokuwapo pale kabla haijaungua mwaka 1873. Malkia Victoria naye alikaa katika nyumba hiyo mwaka 1847, miaka michache kabla familia yake haijainunua Balmoral. Katika mchoro wa Landseer kulungu anasimama peke yake juu ya ukungu, na bonde lote ni tupu. Utupu huo una sababu yake.

Ardhi Iliyo Nyuma ya Picha

Kwa Kigaeli neno clann maana yake ni watoto. Ukoo wa Nyanda za Juu ulijifikiria kuwa watoto wa baba mmoja, na mkuu wa ukoo alikuwa baba huyo. Wagaeli walitofautisha mambo mawili: dùthchas, yaani haki ya watu kukaa katika ardhi ya wazee wao kwa sababu wameilima na kuipigania, na oighreachd, yaani umiliki wa mkuu uliothibitishwa kwa hati. Muda ambao mkuu alihitaji askari, haki hizo mbili zilikaa pamoja. Baada ya ukoo kushindwa vitani Culloden mwaka 1746, serikali iliwanyang'anya wakuu uwezo wa kuhukumu na kukusanya majeshi. Wakabaki na hati. Na mtu mwenye hati asiyehitaji askari huanza kuuliza ni kitu gani kinacholipa zaidi juu ya ardhi yake: watu au kondoo.

Jibu linajulikana. Tangu mwisho wa karne ya 18 hadi katikati ya karne ya 19 maelfu ya familia ziliondolewa mabondeni. Katika Strathnaver, nchi ya Sutherland, nyumba zilichomwa moto mwaka 1814. Wakala wa shamba, Patrick Sellar, alishtakiwa na kuachiliwa mwaka 1816. Wengine walipelekwa pwani wakavue samaki, wengine wakavuka bahari kwenda Kanada na kwingineko. Baada ya kondoo wakaja kulungu, na mabonde yakawa viwanja vya mawindo ya matajiri. Mwaka 1886 ndipo wakulima wadogo walipopata sheria ya kuwalinda wasifukuzwe ovyo, nayo ilikuja baada ya wao wenyewe kukataa kulipa kodi na kupambana na polisi.

Kwa hiyo mwinyi anapowaita watumishi wake jamaa, hatumii neno jipya wala neno lisilo na hatia. Anatumia lugha ya dùthchas ilhali anaishi kwa oighreachd. Hector huamini kwa dhati kwamba yeye ni baba wa bonde. Tamthilia nayo inamwamini. Mwenye kovu usidhani kapoa, wahenga walisema. Lakini kovu hilo Glenbogle limefunikwa kwa nguo ya ukoo yenye mistari ya kupendeza.

Jambo hili linazidi uzito likitazamwa pamoja na miaka ya kuonyeshwa kwake. Bunge la Uskoti lilifunguliwa upya mwaka 1999. Mwaka 2000, mwaka uleule Hector alipoingia katika nyumba za watazamaji, bunge hilo lilipitisha sheria ya kufuta umiliki wa ardhi wa kikabaila, iliyoanza kutumika Novemba 2004. Mwaka 2003 ikapitishwa sheria ya mageuzi ya ardhi, iliyowapa watu haki ya kutembea karibu kila mahali na kuzipa jumuiya za mashambani haki ya kutangulia kununua ardhi inapouzwa. Tayari wakulima wa Assynt walikuwa wamenunua shamba lao mwaka 1993, na wakaaji wa kisiwa cha Eigg walikuwa wamekinunua kisiwa chao mwaka 1997. Haki ya kutembea ilianza kutumika Februari 2005, miezi michache kabla kipindi cha mwisho hakijaonyeshwa. Hivyo mzaha wa Mackenzie wa 1941 ukawa sheria, wakati tamthilia iliyobeba jina la kitabu chake ilikuwa ikiwahimiza watazamaji wamlilie mwenye ngome.

Sheria hizo hazikumaliza umwinyi. Mwaka 2013 taarifa iliyoandaliwa kwa ajili ya kamati ya Bunge la Uingereza ilikadiria kwamba wamiliki 432 tu walikuwa na nusu ya ardhi yote ya mashambani ya Uskoti iliyo mikononi mwa watu binafsi. Jambo hili laonyesha kwamba suala lililoachwa nje ya tamthilia halikuwa la kale. Lilikuwa, na limeendelea kuwa, suala la siku.

Suala la Lugha

Kwa wanafunzi wa lugha ipo hoja nyingine isiyopaswa kupitwa. Tamthilia hii imeandikwa kwa Kiingereza. Hector, kama alivyoigizwa na Briers, anazungumza Kiingereza cha tabaka la juu la kusini, na katika hilo mwigizaji hakukosea: wenyinyumba wengi wa Nyanda za Juu walisomeshwa katika shule za Waingereza na kuoa katika familia za Waingereza. Watumishi huzungumza kwa lafudhi ya Kiskoti. Tabaka linatambulikana mara mtu afunguapo kinywa.

Kinachokosekana ni sauti ya tatu. Majina ya milima, maziwa na mabonde ya nchi hiyo ni ya Kigaeli. Neno lenyewe glen limetokana na gleann. Lakini Kigaeli kimebaki katika majina kama maandishi ya kaburini. Sheria ya elimu ya mwaka 1872 haikukitambua, na vizazi vya watoto vilifunzwa kwa lugha ambayo si ya mama zao. Sensa ya mwaka 2001 ilipata wasemaji wapatao 58,000 tu katika Uskoti nzima. Mwaka 2005 bunge lilipitisha sheria ya kukihifadhi na kukiendeleza. Ni mwaka huohuo ambao Glenbogle ilifungwa. Tamthilia inayojidai kuonyesha uzito wa mila ingeweza kumpa mzee mmoja wa kijiji nafasi ya kumjibu Hector kwa lugha ambayo Hector haielewi. Kicheko ambacho kingetoka hapo kingekuwa cha namna nyingine, kwani mwenye vituko angekuwa ni yule asiyejua lugha ya nchi anayodai kuwa baba yake.

Mkabala Mwingine

Pengine itasemwa kwamba tamthilia ya jioni ya Jumapili haina wajibu wa kufundisha historia, na kwamba kuidai hivyo ni kumdai mwari akacheze ngoma asiyoalikwa. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama usingekuwapo mfano wa kuipinga. Mwaka 1973 John McGrath na kundi lake la 7:84 walizunguka katika kumbi za vijiji vya Nyanda za Juu wakiigiza The Cheviot, the Stag and the Black, Black Oil. Jina la kundi lilitokana na takwimu kwamba asilimia 7 ya watu walimiliki asilimia 84 ya mali ya nchi. Mchezo huo ulieleza kisa cha kondoo, kulungu na mafuta ya bahari ya kaskazini kwa muziki, nyimbo za Kigaeli na mzaha mwingi, na wenyinyumba waliomo wana vituko vya kutosha. Mwaka 1974 BBC iliuonyesha katika televisheni. Hivyo ni idhaa ileile iliyothibitisha kwamba watu wanaweza kucheka na kukumbuka kwa wakati mmoja.

Msomaji wa Kenya hatashindwa kuukumbuka mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, Ngaahika Ndeenda, ulioigizwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ mwaka 1977 na kupigwa marufuku, na ambao Kiswahili kinaujua kwa jina la Nitaolewa Nikitaka. Humo hati ya ekari moja na nusu imetundikwa ukutani mwa nyumba ya Kĩgũũnda, na kisa chote kinaizunguka. Kulinganisha si kulazimisha. Nchi iliyokuwa na sehemu iliyoitwa Nyanda za Juu za Wazungu, na ambayo sheria ya ardhi ya mwaka 1915 iliiweka ardhi ya wenyeji chini ya milki ya Mfalme wa Uingereza, inayo sababu ya kuitambua tofauti kati ya dùthchas na oighreachd bila mkalimani. Katika mchezo wa Kamĩrĩĩthũ tajiri anaitembelea nyumba ya maskini, na hadhira inamtazama kutoka upande wa maskini. Katika Glenbogle kamera imekaa ndani ya kasri, ikitazama nje dirishani. Mahali palipowekwa macho ya hadhira ndipo penye msimamo wa mtunzi, hata kama mtunzi mwenyewe hakukusudia kuwa na msimamo.

Hitimisho

Hector MacDonald ni mhusika aliyeigizwa kwa ufundi mkubwa, na Richard Briers alimpa huzuni ambayo mwandishi mvivu asingeiwazia. Mtazamaji anayempenda hajakosea. Kosa lingekuwa kudhani kwamba kumpenda mtu ni kuukubali mpango uliomweka pale alipo. Tamthilia hii imeyaunganisha mambo hayo mawili kwa uzi wa kicheko hata ikawa vigumu kuyatenga. Na kazi ya uhakiki ni kuufungua uzi huo bila kuirarua nguo.

Nyumba ya Ardverikie bado imesimama kando ya ziwa lake, na wageni hufika kuitazama kwa sababu ya Glenbogle. Baadaye ilitumiwa tena na televisheni, katika The Crown, ikawa Balmoral, makao ya Malkia. Haikuhitaji kubadilishwa sana. Mwinyi mwenye madeni na malkia wa dola waliweza kukaa katika kasri moja kwa zamu, kwani wote wawili walihitaji jambo lilelile: bonde kubwa, zuri, lisilo na mtu wa kuuliza liko wapi lile kundi la watu lililokuwa likilima hapo.